Rami inakusumbua? Jua kwanza uzi wako ni wa kupasuliwa au wa kusokotwa

Malalamiko ya watu wanaoshughulika na rami, mmea ambao nyuzi za ganda lake zinafumwa nguo, yanafanana sana. Nguo imekakamaa, uzi unakatika ovyo, nyuzi zimegandana, kitambaa kinachoma shingoni. Na ushauri wanaopeana unagongana, huyu anakwambia chemsha sana, yule anakwambia usithubutu kuchemsha, na kiukweli wote wawili wako sahihi ila kila mmoja anaongelea uzi wake. Kwa hiyo kabla hujaanza kutibu chochote, jua kwanza uzi ulionao umetengenezwaje.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya zamani, ndo wanayofuata Hansan kule Korea Kusini, Echigo na kisiwa cha Miyako huko Japani, na wafumaji wa xiabu, kitambaa cha rami cha China. Ganda la shina linachubuliwa, linaparuliwa, linabaki utepe mweupe, afu ule utepe unapasuliwa kwa kucha au kwa meno mara nyingi tu mpaka unakuwa mwembamba kabisa, na vipande vinaungwa ncha kwa ncha. Gundi ya mmea inaachwa humo kwa makusudi manake ndo inayovishikilia vile vinyuzi pamoja. Njia ya pili ni ya viwandani: gundi inatolewa yote kwa kuchemsha na kostiki soda, kila unyuzi unaachana na mwenzake, zinachanwa, zinasokotwa.

Kujua uliyonayo ni rahisi. Chomoa uzi mmoja pembeni ya kitambaa, ulowanishe kidogo, uzungushe kinyume na msokoto wake. Ukitawanyika ukawa vinyuzi vingi huru, huo ni wa kusokotwa. Ukifunguka ukabaki utepe bapa mmoja au michache iliyoshikamana, huo ni wa kupasuliwa. Kumbuka jibu lako manake dalili nyingi hapa chini zina dawa mbili tofauti.

Ganda halitoki vizuri, linakatika vipande vipande

Hapa kosa ni la shambani au la kuchelewa. Rami ni jamaa ya yale majani yanayowasha ukiyagusa, ila yenyewe haiwashi, na nyuzi zake zimekaa kwenye ganda, sio ndani ya mti wa shina. Shina likiwa bichi ganda linavutika lote refu. Likikauka, ute unageuka gundi na ganda linang'ang'ania mti. Kata asubuhi, pukutisha majani, chubua siku hiyohiyo, na kama huwezi basi laza mashina kwenye maji baridi mpaka utakapopata nafasi, ila usiyasahau humo siku nzima ukadhani unayalainisha.

Sababu nyingine ni kukata kwa wakati mbaya. Shina changa sana linatoa nyuzi chache na dhaifu, na lililokomaa kupita kiasi linakuwa na matawi na nyuzi ngumu. Angalia chini ya shina, likianza kugeuka kahawia na majani ya chini yakianza kuwa njano, huo ndo wakati. Mmea unaota tena kutoka mizizini, unavunwa mara 2 au 3 kwa mwaka, na sehemu zenye joto na mvua ya kutosha hata zaidi ya hapo, kwa hiyo ukikosea vuno moja hujapoteza shamba.

Kama mashina yako yana urefu tofauti tofauti na kila moja linakomaa kwa wakati wake, angalia wanavyofanya kijiji cha Showa, mkoa wa Fukushima. Mwezi Mei wanachoma shamba. Machipukizi yote yaliyotangulia yanaungua, mizizi iko salama chini, na mashina mapya yanaanza siku moja yanakua sambamba. Afu wanazungushia shamba uzio wa nyasi kuzuia upepo, manake mashina yakisuguana, ganda linapata kovu, na pale penye kovu ndipo utepe utakapokatika miezi kadhaa baadaye ukiwa mikononi mwa mtu anayeupasua. Kwa hiyo ukiona tepe zako zina madoa ya kahawia na zinakatikia hapohapo kwenye doa, usihangaike na sabuni, shida ilianza upepo ulipokuwa unavuma.

Nimeloweka wiki nzima kwenye maji, inanuka na bado imeganda

Hii inawapata sana waliozoea kitani au juti. Hizo unaziloweka, bakteria wanakula gundi, nyuzi zinaachia. Rami gundi yake ni nyingi, inafika hadi robo ya uzito wa ganda kavu na wakati mwingine inapita, na kuloweka tu hakutoshi kuimaliza. Unachopata ni harufu, rangi ya tope, na utepe uleule.

Toa, suuza, na paruza. Laza utepe juu ya ubao uliolainishwa, upande wa nje wa ganda ukiwa juu, shika kisu butu kikiwa kimeinama kidogo, vuta kwa mkono wa pili. Ile ngozi ya kahawia na ute wa kijani vinakusanyika mbele ya kisu na nyuma yake unabaki utepe wa rangi ya maziwa unaong'aa ukiuelekeza kwenye mwanga. Ukiona unabaki na mistari ya kijani, hujaparua vya kutosha au kisu umekiinamisha mno. Ukiona unachanika, kisu ni kikali. Hatua hii watu wanaiharakisha, wanasema kitakachobaki kitatoka kwenye sufuria, na hakitoki, au kinatoka wakati nyuzi zenyewe zimeshachoka.

Nimechemsha, nimekausha, imekuwa ngumu tena

Uliza kwanza unataka uzi gani. Kama unaenda njia ya kupasua, hukupaswa kuchemsha mpaka gundi iishe, unalowanisha tu na kuanika juani kwa kurudiarudia mpaka utepe unakuwa mweupe na unakubali kupasuka. Hiyo hali ya kukakamaa ikikauka ni sawa, unailowanisha tena wakati wa kupasua.

Kama unaenda njia ya kusokota, basi gundi imebaki, na sababu zake za kawaida ni hizi: maji ya dawa dhaifu, muda mfupi, sufuria imejazwa mno mpaka tepe za katikati hazikufikiwa, au ulichemsha vizuri ila ukaacha vipoe ndani ya yale maji machafu na gundi ikarudi kukaa. Hii ya mwisho ndo inawaponyoka wengi. Suuza ikiwa bado ya moto, na maji ya moto, huku ukiipigapiga kwa kipande cha mti, afu ndo uende maji baridi.

Wengi wanatumia kostiki soda kama asilimia 1 ya maji, saa moja mpaka mbili, na kama haijatosha wanabadilisha maji na kuchemsha mara ya pili kuliko kuongeza ukali. Soda inaingia kwenye maji, kamwe sio maji kumwagwa juu ya soda, vaa glavu na miwani, usitumie sufuria ya alumini manake inaliwa. Maji ya majivu yanafanya kazi pia, taratibu zaidi, na kwa anayeanza mi naona ni bora, ukikosea unakosea polepole. Ukimaliza weka siki kidogo kwenye maji ya kusuuzia ili kuua mabaki ya soda. Mabaki hayo ndo yanafanya kitambaa kiwe cha njano siku ukikipiga pasi, na mtu analaumu pasi.

Na kinyume chake: nyuzi zimetoka nyeupe, laini, ila ukivuta zinakatika bila sauti. Umepitiliza. Ama soda kali sana, ama tepe zilielea juu ya maji zikipigwa na hewa huku zinachemka, ama uliweka blichi ya klorini kwa pupa. Hapo hakuna dawa, hizo tumia kutengenezea karatasi. Safari ijayo weka kitu kizito juu ziwe zimezama muda wote.

Uzi una manyoya na hausokoteki

Huu ni ugonjwa wa uzi wa kusokotwa peke yake. Unyuzi mmoja wa rami ni mrefu ajabu, wastani unazunguka sentimita 12 hadi 15 na baadhi unafika 25, lakini ngozi yake ni laini, hauna mawimbi, kwa hiyo haushikani na mwenzake, unateleza. Ndo maana ncha zinachomoza nje kila mahali. Chana vizuri utoe vifupi, sokota ukiwa umelowesha vidole, na ongeza msokoto kidogo kuliko unavyoweka kwenye pamba, ila ukizidisha unapata uzi mkakamavu unaojikunja wenyewe. Wengine wanakata nyuzi fupi ili zichanganyike na pamba, inarahisisha kazi lakini umetupa kile kilichofanya rami iwe rami, na zile ncha zote ulizoziongeza kwa kukata ndo zitakazomchoma mvaaji.

Kama wako ni wa kupasuliwa na una manyoya, hilo sio suala la msokoto. Ulipasua mkavu, au uliungia vibaya. Hansan wanaupasua utepe mlowevu kwa meno, mtu anaanzisha mwanya kwa jino afu anavuta pande mbili kwa vidole, na kuunga wanaungia juu ya goti lililo wazi, ncha mbili zinalaliana, mate kidogo, zinaviringishwa kwa kiganja mara moja, basi. Ncha ikilaliwa kidogo sana inaachia, ikilaliwa sana inakuwa fundo, na fundo litakwama baadaye.

Mtande unakatika kila ukipiga mshindio

Mtande ni zile nyuzi za urefu zilizokazwa kwenye kitanda cha kufumia, mshindio ni uzi unaopita katikati yake kwa upana. Hapa ndo kwenye kilio kikubwa, na asilimia kubwa ya kilio hicho ni hewa kavu. Rami ikiwa na maji ina nguvu kuliko ikiwa kavu, hiyo ni tabia yake, na ikikauka inavunjika kirahisi. Isitoshe haivutiki, kuvutika kwake kabla ya kukatika hakufiki hata asilimia 5, kwa hiyo nyuzi 500 za mtande zikiwa hazijakazwa sawa, zile chache zilizokaza zaidi zinabeba mzigo wa wote na zinakatika moja baada ya nyingine.

Angalia wenye kazi yao walivyolitatua. Hansan wanafumia kwenye chumba kilichochimbwa nusu chini ya ardhi, milango imefungwa, na msimu wenyewe ni Mei hadi Agosti, yaani joto la kiangazi na unyevu wake, mfumaji analoa jasho lakini hafungui dirisha manake upepo ukipita mtande umekwisha. Echigo ni mkoa wa theluji nyingi, Niigata, wao wanafuma majira ya baridi wakati theluji imefunika kila kitu na hewa ina maji. Misimu tofauti kabisa, sababu ileile. Ufumaji wa Echigo, pamoja na ule wa Ojiya jirani yake, uliingia orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2009 na wa Hansan 2011, na ukiondoa sifa zote, nusu ya ujuzi wenyewe ni kusimamia unyevu.

Kwa hiyo we usianze kubadilisha uzi. Funga madirisha, zima feni, tandika vitambaa vilivyolowa chini ya kitanda cha kufumia, nyunyizia mtande maji kama ukungu, sio matone. Fuma nusu saa uone. Kama kukatika kumepungua, umeshapata jibu.

Kama bado, angalia unakatikia wapi. Unakatikia sehemu yoyote bila mpangilio: mkazo hauko sawa, au nyuzi zina makovu ya shambani. Kitanda cha Echigo kinafungwa kiunoni mwa mfumaji, anakaza na kulegeza kwa kuegemea nyuma na kurudi mbele kila anapofungua mtande, na hiyo ndo sababu uzi usiovutika unavumilia. Kwenye kitanda cha fremu ngumu legeza zaidi ya ulivyozoea kwenye pamba. Unakatikia palepale penye kitana, lile chanuo linalopanga nyuzi za mtande: kitana kina meno yaliyobanana kuliko unene wa uzi, au kina ukali mahali. Hansan wanapima wembamba kwa kipimo kinaitwa sae, sae 1 ni nyuzi 80 za mtande ndani ya upana wa nguo ambao ni kama sentimita 30 tu, kawaida ni sae 7 mpaka 15, na hizo za kuanzia 10 ndo nyembamba. Anayeanza akitaka sae 10 kwa uzi wa sae 7, kitana kitamla.

Unakatikia kwenye maungio: basi gundi ya kupaka haikutosha. Mtande wa Hansan unapakwa ujiuji wa unga wa soya kwa brashi, huku ukikaushwa juu ya moto hafifu wa maganda ya mpunga. Moto ukiwa mkali uji unakauka juu juu, unapasuka ukifuma na kudondoka unga chini ya kitanda, ukiona huo unga sakafuni umeshajua tatizo. Ukiwa mzito mno nyuzi jirani zinashikana. Paka kidogo, brashi iende upande mmoja tu, vile vinyweleo vyote vilale.

Nguo inachoma ngozi

Uzi wa kusokotwa: ni zile ncha. Kiwandani wanapitisha kitambaa juu ya moto haraka sana kuunguza manyoya, nyumbani usijaribu. Fua mara kadhaa, vaa na kitu chepesi ndani. Sifa mbaya ya rami kwa watu wengi imetokana na sweta za mchanganyiko wa asilimia 55 rami na 45 pamba zilizojaa sokoni Marekani miaka ya 80. Mikataba ya kuzuia nguo za pamba kutoka nje haikuihesabu rami mpaka 1986, kwa hiyo wauzaji waliiongeza ipite nusu ya uzito, wapite. Haikuchaguliwa kwa sababu inafaa sweta. Haifai sweta.

Uzi wa kupasuliwa: mara nyingi ni wanga uliobaki. Loweka maji ya uvuguvugu, kamua kwa kubana bila kusokota. Ila usitegemee iwe laini, nguo ya mosi, yaani kitambaa cha rami cha Korea, Wakorea wanaifua na kuitia wanga wa mchele upya makusudi, inasimama mbali na mwili na hewa inapita katikati. Anayetaka mng'ao na ulaini aangalie Miyako, kitambaa kikishatoka kwenye kitanda kinakunjwa na kugongwa kwa nyundo nzito ya mbao mpaka nyuzi zinalala bapa na kung'aa.

Imepasuka kwenye mkunjo

Rami inavunjika ikikunjwa mara nyingi mahali pamoja. Ina nguvu ya kuvuta, haina nguvu ya kukunja. Usipige pasi mstari mkali kwenye mikono ya shati, usiihifadhi imekunjwa vilevile mwaka mzima, iviringishe kwenye bomba la karatasi au badilisha mikunjo. Pasi iwe ikiwa mbichi bado. Kuvu na bakteria haviisumbui sana, kinachoiua ni mkunjo na ukavu.

Iliyokwishapasuka hairudi, kata upande mzima ubaki na sehemu nzuri. Wakorea walikuwa wanaunga vipande vya mosi kuwa vitambaa vya kufunikia na kufungia vitu, jogakbo, mshono umekunjwa ndani pande zote mbili kiasi kwamba nguo haina ndani wala nje, na ukikiangika dirishani ile mistari ya mishono inaonekana kwa giza kidogo kuliko vipande vyenyewe. Mi naona vinapendeza kuliko nguo nyingi nzima.

Rangi

Haishiki? Toa wanga kwanza, na kama uzi ni wa kusokotwa toa na gundi iliyobaki, afu vumilia. Rami haifyonzi rangi haraka kama pamba. Nili ya Miyako inachovywa mara nyingi sana na ni uzi unaochovywa, sio nguo. Nguo imefifia kuwa njano? Rangi yake ya asili ni ya pembe za ndovu, na weupe wa Hansan unatokana na kulowanisha na kuanika juani tena na tena. Echigo wanatandaza nguo juu ya theluji kwa siku 10 mpaka 20 mwishoni mwa baridi, jua linapiga huku theluji inayeyuka chini yake. Ukikosa theluji, nyasi zilizolowa asubuhi na jua vinatosha, ila kwa taratibu. Blichi ya klorini inakupa weupe leo na matobo baadaye.

Nimefuata yote na haifanyi kama ulivyosema

Inawezekana sio rami. Sokoni inachanganywa na kitani na hempu, na muuzaji mwenyewe saa ingine hajui. Toa unyuzi mmoja, ulowanishe, ushike ncha moja, ile iliyo huru ielekee usoni kwako, uushikilie karibu na kitu cha moto ukauke. Ukizunguka kama mshale wa saa ni kitani au rami. Ukizunguka kinyume ni hempu au juti. Kutofautisha rami na kitani, chemsha kipande kwenye maji ya soda mpaka nyuzi ziachane kabisa na upime moja: za kitani zinacheza kwenye sentimita 3 hivi, ukipata inayopita 10 nzima bila kukatika, hiyo ni rami, rudi juu kwenye dalili yako.